Tiba nzuri, choo cha mateso: uzoefu wangu na kituo anachotibiwa binti yangu

Nitaanzia chooni, maana hadi leo nikikumbuka kile choo damu inanichemka.

Kituo chenyewe kinatoa tiba kazi, yaani tiba ya kumsaidia mtu amudu shughuli zake za kila siku, kwa watoto ambao milango yao ya fahamu haina kipimo. Mmoja lebo ya shati ikimgusa shingoni inamchoma kama sindano, mwingine anajigonga ukutani na haonyeshi hata kuumia. Jina la kituo nalihifadhi, kwa sababu ndani yake kuna mtu mmoja ambaye sitaki aharibikiwe. Ukiingia mapokezi unafarijika. Mwanga ni hafifu, zulia linameza vishindo vya miguu, saa ya ukutani haina mlio, hata milango imewekewa mpira ili isijibamize. Aliyepanga pale alijua anachofanya. Halafu yeye huyohuyo, au mwingine aliyekuja baada yake, akafunga kwenye choo cha watoto mashine ya kukaushia mikono, zile za upepo mkali zinazojiwasha zenyewe ukipita karibu.

Binti yangu ana miaka sita. Adui yake mkubwa ni sauti ya ghafla: blenda, honi, puto likipasuka, na puto lenyewe hata kabla halijapasuka. Ilikuwa katika siku zetu za mwanzo pale. Alinawa mikono vizuri, akafunga bomba, akageuka kunifuata mlangoni, na kichwa chake kikapita chini ya ile mashine. Ikanguruma palepale juu ya utosi. Alianguka, akajikokota hadi chini ya sinki, akajibana kati ya bomba na ukuta, viganja vyenye maji vimeziba masikio, povu la sabuni limebaki kwenye nywele. Mdomo uko wazi, sauti haitoki. Kila nilipoinama kumtoa, jicho la mashine linaniona mimi, inanguruma upya. Nikatafuta swichi, hakuna. Ikabidi nilale sakafuni, sakafu ya choo, nimfikie kwa kutambaa.

Mlango ukafunguliwa, akaingia dada wa mapokezi. Nikashukuru moyoni kwamba msaada umefika. Mashine ikamwona na yeye, ikawaka tena.

"Baba, mama yake yuko wapi?"

Ndilo swali lake la kwanza. Nikamwambia mzazi wake ni mimi, na ninachoomba ni mashine izimwe. Akanitazama nilivyolala pale chini, akasema, "Mwache alie, atachoka mwenyewe. Mkiwabembeleza hivi ndiyo wanadeka." Kisha akanikumbusha kwamba kuna wenzangu wanasubiri choo.

Alie? Mtoto hakuwa analia. Alikuwa anatetemeka bila sauti, na mtu anayelipwa kupokea watoto wa aina hiyo kila siku hakuliona hilo. Nimesemwa na watu wengi kuhusu binti yangu, kwenye mabasi, kwenye sherehe, kwenye foleni za kila aina, nikawasamehe kwa sababu hawajui. Yule dada sijamsamehe. Yeye mahali pake pa kazi ndipo panapofundishwa.

Tofauti ya kudeka na kuzidiwa si siri ya madaktari. Mtoto anayedeka anakuchungulia aone kama unamtazama, na ukimpa anachotaka machozi yanakauka hapohapo. Aliyezidiwa hana habari na wewe. Mwili wake umeshaamua kwamba kuna hatari: moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, maneno yanapotea, na hakuna zawadi wala kiboko kitakachomrudisha kabla mwili wenyewe haujatulia. Unapunguza kelele, unapunguza mwanga, unapunguza maneno, unasubiri. Yote haya yameandikwa kwenye kipeperushi kilichopangwa juu ya meza ya yule dada. Nilikisoma pale nikisubiri zamu yetu.

Na binti yangu hakuwa anaongeza chumvi. Kuna msichana wa Kanada, Nora Keegan, aliyeamua kuzipima mashine hizi kwa sababu watoto walikuwa wakilalamika kwamba zinawaumiza masikio na watu wazima wakipuuza. Alipima 44 katika vyoo vya umma mkoani Alberta, tena kwa vimo tofauti, ukiwemo usawa wa sikio la mtoto. Utafiti wake ulichapishwa mwaka 2019 katika jarida la madaktari wa watoto la nchini mwake, naye akiwa na miaka 13. Baadhi ya mashine zilipita desibeli 100, desibeli ikiwa ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Kanada hairuhusu kifaa cha kuchezea mtoto kizidi kelele hiyo. Na desibeli zina hesabu yake: zikiongezeka 10 tu, nguvu ya sauti imekwenda mara kumi. Mtu mzima akikausha mikono, masikio yake yako juu, mbali na upepo. Mtoto kichwa chake kiko palepale upepo unapotokea. Hapo tunazungumzia mtoto yeyote, hata yule asiyeshtuka kirahisi. Wa kwangu je?

Ningeishia hapo ningetoa nyota moja na kuondoka. Lakini haki ya mtu ni haki.

Mtaalamu wa tiba kazi anayemhudumia binti yangu alisikia zogo akaja. Hakuuliza mama yuko wapi. Alikaa sakafuni mlangoni, mahali ambapo jicho la mashine halimfikii, akanyamaza. Alikaa kimya muda mrefu, hata mimi nikaanza kupumua vizuri. Binti yangu alipotoa kiganja kimoja sikioni, yule mtaalamu alinyoosha mkono tu, bila neno, na mtoto akatambaa hadi kwake. Wakaenda kwenye chumba cha bembea, taa zikazimwa, akamfunga kwenye bembea ya kitambaa inayombana mwili mzima, akawa anaibembeza mbele na nyuma kwa mwendo mmoja. Alinieleza baadaye, kwa sauti ya chini, kwamba mwendo wa namna ile hutuliza, ila bembea ya kuzungukazunguka humwamsha mtoto na siku ile ingemharibu kabisa. Halafu akampa kazi ya kusukuma ukuta kwa nguvu zake zote. Misuli na viungo vikifanya kazi nzito, mwili unajitambua upya uko wapi, na woga unashuka.

Huyu mtaalamu ndiye aliyenifundisha kwamba tuliyosoma shuleni kuhusu milango mitano ya fahamu hayatoshi. Kuna mwingine ndani ya sikio unaopima mizani ya mwili, kuna wa misuli na viungo, na kuna wa ndani kabisa unaokuambia una njaa, una haja, moyo unadunda. Binti yangu anamwaga kikombe kila siku kwa sababu mkono wake haujui umekibana kwa nguvu kiasi gani. Miaka yote hiyo tulimwita mzembe, ndugu na majirani. Nilipoelewa nilikwenda nje nikalia.

Nampenda pia kwa ukweli wake. Mapokezi wanauza mablanketi mazito, yale yaliyotiwa uzito ndani ili yambane mtoto, yamepangwa hadi darini, na kila mzazi anayelipa anaulizwa kama atachukua na blanketi. Nilimuuliza mtaalamu kama ninunue ili binti alale usiku. Angeweza kusema ndiyo na kituo kikapata faida. Aliniambia kuna utafiti wa Uingereza wa mwaka 2014 uliowajaribu watoto wenye usonji (autism) kwa mablanketi hayo, na usingizi wao haukuongezeka, ingawa watoto na wazazi waliyapenda. Akasema kama binti analifurahia akiwa macho, akiwa na mtu mzima karibu na uwezo wa kulitoa mwenyewe, hakuna ubaya, ila nisilinunue kwa kutegemea usingizi, na mtoto mchanga asiwekewe kabisa. Akaniambia pia kuhusu kazi yake yeye. Nadharia anayoifuata, ya jinsi ubongo unavyopanga taarifa za milango ya fahamu, ni ya Jean Ayres, mtaalamu wa tiba kazi wa Marekani aliyeandika kitabu chake mwaka 1972, na hata chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilisema mwaka 2012 kwamba tiba hizi zinaweza kutumika ndani ya mpango mpana, ila wazazi waambiwe wazi kwamba ushahidi wake bado ni mdogo. Basi tukaandika malengo matatu tunayoweza kuyaona kwa macho, tukakubaliana kwamba yasipoonekana tunabadilisha njia. Kuvaa soksi bila vita ilikuwa moja. Sasa hivi anavaa, tukizigeuza mshono ukae nje.

Kwa hiyo nilikuwa tayari kutoa nyota nne. Kweli nilikuwa tayari.

Kisha nikaenda kwa meneja. Sikwenda kugombana, nilikwenda na ombi moja: ile mashine itolewe kwenye choo cha watoto, ziwekwe karatasi za kufutia mikono. Alinisikiliza huku akiangalia kompyuta. Akasema mashine ni kwa ajili ya usafi. Akasema watoto wengine hawalalamiki.

Watoto wengine hawalalamiki! Wengi wa watoto ninaokutana nao pale hawajaanza kusema. Wanalalamika kwa kujing'ata mikono, kwa kukimbilia barabarani, kwa kujikojolea garini wakirudi nyumbani, na mama zao wanaambiwa ni utundu.

Nilipomwambia hivyo akanipa jibu ambalo nimelibeba kifuani tangu siku ile, kwamba hata kwenye kitabu cha madaktari hali ya binti yangu haimo kama ugonjwa. Anachokisema kuhusu kitabu ni kweli. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, toleo la tano la mwaka 2013, haukuipa hali hii nafasi yake peke yake. Lakini mwongozo huohuo unataja kushtushwa kupita kiasi au kutoguswa kabisa na kelele, mguso na mwanga miongoni mwa dalili za usonji. Na tukiacha kitabu, unawezaje kufungua kituo, kukusanya ada ya kutibu kitu, kisha mzazi akilalamika umwambie kitu hicho hakipo? Nilisimama nikaondoka, maana ningebaki ningesema neno la kujutia.

Gharama yake tumeilipa sisi. Tangu siku ile binti yangu hakuingia choo chochote chenye kitu cheupe ukutani, cha shuleni, cha ugenini, popote. Anabana mkojo hadi machozi yanamtoka. Mtaalamu ameacha kazi nyingine zote ili kurekebisha kilichoharibiwa mita chache kutoka chumba chake: kwanza picha ya mashine kwenye karatasi, kisha sauti yake iliyorekodiwa kwa chini sana huku mtoto mwenyewe akishika kitufe cha kuizima, kisha kusimama mbali mlango ukiwa wazi. Tunatembea na hedifoni za kuzuia kelele, ila ametuonya tusimvalishe kutwa nzima, masikio yakizoea ukimya hata sauti ndogo zitamtisha. Anaendelea taratibu. Majuzi alikubali kunawa mikono shuleni, mwalimu amesimama mbele ya mashine.

Nilikuwa nimeshaandika hapa nyota tatu, nusu kwa nusu, niwe mtu wa haki. Ila wiki hii limetokea jambo. Mtaalamu alituelekeza tutumie choo cha wafanyakazi, kule mwisho wa korido. Nikaingia na binti yangu mgongoni, amefumba macho. Hakuna mashine. Kuna karatasi za kufutia mikono, zimejaa ndani ya kasha lake, na ndoo ya taka yenye kifuniko. Yaani wanajua. Meneja, mapokezi, wote wanakausha mikono yao kimyakimya, na ile mashine wamewaachia watoto.

Nyota moja. Mtaalamu angekuwa na kituo chake ningempa tano leo hii, na nitaendelea kumpeleka binti yangu kwake kwa sababu sijaona mwingine anayemwelewa namna ile. Nyota moja ni ya waliomwajiri. Wakiing'oa ile mashine nitakuja kubadilisha.

Kama na wewe umepangiwa kumpeleka mtoto pale, choo cha wafanyakazi ni mlango wa mwisho, mkono wa kushoto. Ufunguo omba kwa mtaalamu. Mapokezi watakuambia hakuna.