Moduli ya cheche ya "volti 400,000": inafanyaje kazi, na mwisho wake ni wapi?

Watazamaji wangu, karibuni. Kidude hiki ni moduli ya cheche. Waya mbili za kuingizia umeme wa betri, mbili za kutolea, na tangazo lake linasema volti 400,000. Namba hiyo msiinunue.

Tazameni nikiiwasha. Cheche inaruka kama milimita 10. Nikizitenganisha zaidi ncha za waya za kutolea, inakatika. Hewa kavu huhitaji takriban volti 3,000 kwa kila milimita ili ipitishe cheche kati ya vyuma bapa, na kwenye ncha kali kama hizi huhitaji pungufu. Kwa hiyo hapa hatuvuki volti 30,000. Zingekuwa 400,000 kweli, cheche ingeruka zaidi ya sentimita 13. Na tafadhali, msijaribu kupima kwa multimita ya kawaida, mtaiua.

Ndani kuna nini? Umeme wa betri umetulia, na transfoma haiwezi kupandisha umeme uliotulia. Ndiyo maana kuna transista, yaani swichi ya kielektroniki, inayoukata na kuuachia kwa kasi kubwa mno, kisha koili ya transfoma yenye mizunguko mingi ya waya mwembamba inapandisha volti. Lakini nguvu haiongezeki humo. Betri ya volti 4 ikitoa ampea 3, umeingiza wati 12, basi. Volti zikipanda, ampea zinashuka, na sehemu ya nguvu inapotea kuwa joto.

Joto hilo ndilo ugonjwa wake mkubwa. Vyote vimemiminiwa gundi ngumu ya epoksi, haipumui. Iwasheni sekunde chache, izimeni, ipoe. Ukiisahau dakika nzima, transista inaungua na hakuna kuifungua kuitengeneza.

Jambo lingine linaloziua, na wengi hawalijui, ni kuiwasha huku ncha zikiwa mbali mno. Umeme ukikosa njia nje unaitafuta ndani, unatoboa kihami cha koili, yaani ganda linalozuia umeme kupita. Pangeni ncha kwanza, washeni baadaye.

Kwa kuwashia gesi au kuonyesha wanafunzi jinsi hewa inavyopitisha umeme, naipenda sana. Kwa kazi ya mfululizo, hapana. Iwekeni mbali na saketi nyingine, kwa sababu cheche hurusha mawimbi yanayovuruga vifaa. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asiisogelee kabisa. Na mkishaizima, gusanisheni ncha mbili kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki kabla ya kuzishika, maana ndani huenda kuna kapasita, kidude cha kuhifadhi umeme, ambayo bado ina chaji.