Dijei wa muziki wa hausi (house) Kisumu: ukumbini au studioni?

Ukumbini pesa huja mapema: ukicheza Ijumaa unalipwa usiku uleule, mwenye klabu asipokuzungusha. Lakini kontrola, mashine ya dijei ya kuchanganyia nyimbo, ni ghali, na bia ikimwagikia vitufe, hasara ni yako. Ongeza boda ya saa tisa usiku kurudi Kondele.

Studio yaanza na kompyuta ya mtumba na hedifoni nzuri. Stima ikipotea kabla hujasevu, basi. Mapato huchelewa mno, ila wimbo hukuzungukia dunia ukiwa umelala.

Frankie Knuckles, dijei mwasisi wa hausi, alianza kucheza klabu ya Warehouse, Chicago, 1977. Nyimbo zake mwenyewe zilifuata miaka ya 1980. Anayedaiwa kodi acheze kwanza. Mwenye mshahara kwingine, kwa maoni yangu, atengeneze midundo bila haraka.