Lichess imenipimia gambiti ya Englund

Kijiweni kwetu Sinza, ukianza mchezo wa sataranji (chess) kwa kusogeza askari hadi mraba wa d4, kuna vijana wanakujibu na askari wa e5 papo hapo. Askari anatolewa bure hatua ya kwanza tu! Hiyo ndiyo gambiti (kutoa kete makusudi mwanzoni ili upate faida) ya Englund, yenye jina la Fritz Englund wa Sweden, aliyedhamini mashindano ya ufunguzi huo, yaani hatua hizo za mwanzo, mwaka 1932. Nilitaka kujua kama ni mchezo wa maana au mtego mtupu, nikaupeleka Lichess, tovuti na apu ya kuchezea sataranji.

Huduma yenyewe ni bure, haina matangazo, inaishi kwa michango; Mfaransa Thibault Duplessis aliianzisha mwaka 2010. Kwa sisi wa bando la kuungaunga, kukosa matangazo si jambo dogo.

Utamu uko kwenye sehemu ya kuchunguza ufunguzi. Unasogeza kete, inakuonyesha wengine walijibu nini na nani alishinda, na unachuja kwa kiwango cha wachezaji na kasi ya mchezo. Nikaifuata njia maarufu: mweupe anakula e5, farasi mweusi c6, farasi mweupe f3, malkia e7, askofu f4, malkia b4 akimtisha mfalme, askofu anarudi d2, malkia anakula b2. Hapo ndipo penyewe. Mweupe akimkimbizia malkia yule askofu wa d2, akamweka c3, kaumia: askofu mweusi anatua b4, malkia mweupe anakuja d2 kukinga, maaskofu wanalana pale c3, na malkia mweupe akilipiza tu, malkia mweusi anashuka c1. Mati, mfalme hana pa kukimbilia, hatua ya nane!

Sasa washa injini, Stockfish, programu inayokokotoa hatua bora, kabla mweupe hajacheza hatua ya sita. Inakwambia farasi c3, na ghafla mweusi ndiye anayehangaika kumtoa malkia wake huku ngome ikija b1. Ndiyo maana asilimia za ushindi za wachezaji wa chini zisikulevye. Soma na injini pia.

Kuchunguza ufunguzi kunataka mtandao, ila apu inakuruhusu kucheza na kompyuta hata bila bando, na foleni ya Ubungo inatosha kabisa kwa hilo.

Lichess naipa tano kwa tano. Englund naiachia michezo ya dakika tatu. Kwenye michezo mirefu nacheza gambiti ya Budapest: farasi f6 kwanza, mweupe akisogeza c4, ndipo e5.