Uzoefu wangu: kujenga nyumba ya Kiswahili na ya kisasa kwa pamoja, Mombasa

Tangu tuhamie hii nyumba yetu ya Mkomani kila mgeni akiingia ni maswali, mbona kwa nje yaonekana nyumba ya zamani na ndani ni vioo vitupu, nani alochora, fundi mumemtoa wapi, kwa hivyo naandika hapa yote mara moja anayetaka kujenga asome.

Mimi nimelelewa Mji wa Kale. Nilikuwa nataka daka (ukumbi mdogo wa mlangoni), baraza ya kukaa watu jioni, zidaka (vishubaka vya kuwekea vyombo) ukutani, mlango wa nakshi, kuta nene. Mume wangu yeye ataka ya kisasa, slabu juu, sebule kubwa haina nguzo katikati, vioo toka chini mpaka juu. Akitekti wa kwanza tulomuendea akatuchorea jumba la kioo alafu kwa mbele akabandika matao mawili na boriti za simiti zilopakwa rangi ya mbao, urembo mtupu, tukamshukuru tukaenda zetu.

Wa pili ni dada kijana, amesajiliwa na BORAQS, bodi ya Kenya ya kusajili maakitekti (hilo ulizeni kabla hamjatoa hata shilingi), na siku ya kwanza hakuchora kitu chochote. Alisimama kwenye kiwanja jioni akauliza upepo wa kaskazi waingilia upande gani, wa kusi upande gani, ile ghorofa ya jirani ikimalizika wataona mpaka wapi. Alafu akatwambia vioo mtavipata vyote, lakini vitazame ndani. Hapo ubishi wangu na mume wangu ukaisha, wallahi.

Manake ukiziangalia zile nyumba za kale, Mombasa ama Lamu, ukuta wa nje ni mnene karibu nusu mita, madirisha machache, na uhai wote wa nyumba uko uani. Mwangaza na hewa vyatoka katikati. Basi sisi tumefanya ivo ivo, nje ni mawe ya matumbawe, mnene zaidi upande wa mashariki na magharibi kwa sababu Mombasa tuko karibu na ikweta, jua la mchana lapita utosini na linaloumiza ni la asubuhi na la alasiri, na ndani ua umezungukwa na milango ya vioo ya kusukuma pande zote. Hewa yaingia kwa matundu ya juu ya ukuta wa nje, yapita sebuleni, yatokea uani. Mwezi wa tatu, lile joto lenyewe, mchana feni hatuwashi. Na sitara iko, mimi nazunguka nyumba nzima kichwa wazi na hakuna mpita njia anaeniona, na mume wangu ana vioo vyake. Hiyo peke yake yatosha ada yote tulomlipa.

Boriti tulivutana kidogo. Nilizitaka sebuleni. Akanieleza kwa upole kwamba mti wa mkoko haubebi dari zaidi ya mita mbili unusu hivi mpaka tatu, ndio maana vyumba vya zamani ni virefu lakini vyembamba, kwa hivyo ukiona boriti kwenye sebule pana ujue zimening'inizwa tu, hazibebi kitu. Tukaziweka za kweli kwenye daka na kwenye ushoroba wa vyumba, mahali ambapo zabeba dari kikweli, na sebule ikawa slabu safi bila pambo lolote. Nampongeza kwa hilo. Na za mkoko muulize muuzaji karatasi za KFS, shirika la misitu la Kenya, ile misitu ina leseni zake, si kila mzigo unaoletwa usiku ni halali.

Sasa mjengo wenyewe. Kontrakta alikuwa amesajiliwa NCA, mamlaka ya ujenzi ya Kenya, na kazi ya mawe aliifanya vizuri, siwezi kumdhulumu. Lakini kuna asubuhi lori lilimwaga mchanga mweupe safi kabisa, mimi ningeusifu, huyu dada akitekti akaokota kidogo akaugusa kwa ulimi, akautema, akasema huu ni wa bahari, urudi. Chumvi yala vyuma ndani ya zege, hutajua mpaka siku slabu ianze kupasuka na kumwaga vipande. Kontrakta akalalamika kuwa lori lishalipwa, akamjibu "kaka, chumvi haijui kama umelipa." Lori likapakiwa tena mbele ya macho yangu. Kama hamuna mtu wa kusimama saiti hivyo, jengeni kitu kingine.

Plasta nje ni chokaa, si simiti. Mafundi wengi watakukatalia kwa sababu chokaa yataka subira na kunyunyiziwa maji isikauke mbio, lakini mawe ya matumbawe yafyonza unyevu, ukiyafunika na simiti unyevu wakosa pa kutokea na rangi yaanza kubanduka chini ya ukuta. Nimeziona nyumba za jamaa zangu kila mwaka wapaka upya.

Mlango umechongwa na mzee wa Lamu, mbao ya mbambakofi, mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, una maua madogo madogo yameingiliana hivi mpaka kidole chapotea ukiyafuata. Alichelewa mno. Nilikuwa nampigia simu, "mzee vipi mlango?" ananiambia "mwanangu, hauna haraka huo, utakuzika." Zidaka nazo akitekti alizitia taa ndogo za LED kwa ndani, mamangu akaja akapanga sahani zake za kale, usiku zikiwaka ni raha tupu mashallah.

Kitu kingine nisisahau ni maji. Mfereji wa Mombasa mwaujua, hautegemeki. Mvua ya ua na ya juu yote yaingia birika chini ya ardhi, fikra ile ile ya wazee, ila siku hizi kuna pampu. Mvua za mwezi wa tano zikijaza, twaoga na kufua muda mrefu bila kumuita mtu wa bowza. Na juu ya slabu tumeweka makuti, slabu haipigwi jua moja kwa moja, vyumba vya juu usiku havichomi. Makuti yabadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, hiyo gharama iwekeni akilini.

Kilichoniudhi ni vioo, na huyo aloleta simtaji. Fremu ni alumini nzuri, lakini skrubu akatumia za chuma cha kawaida, kusi ya kwanza tu michirizi ya kutu ikateremka kwenye fremu nyeupe. Tulikubaliana stenlesi, iko kwenye karatasi. Amebadilisha upande mmoja, upande wa pili bado twafuatana. Kwenye mkataba andikeni mpaka skrubu na bawaba, na mubakishe pesa ya mwisho mpaka msimu wa upepo upite.

Akitekti nampa tano kati ya tano, kontrakta nne, mzee wa mlango tano na kuchelewa kwake kote, mtu wa vioo mbili mpaka amalize.