Uzoefu wangu: Wikendi na watoto kwenye Tamasha la Utamaduni la Lamu

Najua wengi mnataka jibu kabla ya kulipia chumba, kwa hiyo nalitanguliza. Tamasha hili linafaa kabisa kwa familia yenye watoto wadogo, ila usiende nalo kwa saa ya mkononi. Kinachopanga mambo pale ni upepo, maji kujaa na kupwa, na adhana. Ukikubali hivyo tangu mwanzo, utafurahi.

Tulitoka Mombasa asubuhi kwa basi: mimi, mume wangu, watoto watatu na baba yangu mzazi, ambaye alikuja kwa ajili ya mchezo wa bao tu na wala hakuficha. Siku hizi ni lami mpaka Mokowe kupitia Malindi, Garsen na Witu, lakini bado ni safari ya kuchosha watoto. Vizuizi vya polisi ni vingi, na kwingine abiria wote mnashuka kuonyesha vitambulisho, basi usikitie chako chini kabisa ya begi. Mwenye nafasi apande ndege atue Manda, kisiwa cha jirani. Akivuka mkono wa bahari kwa boti, dakika chache tu yuko mjini. Sisi tulipopiga hesabu ya ndege kwa watu sita tukaona karo ya muhula mzima inapaa.

Mokowe gari linaishia hapo, mnaingia botini. Tulifika Lamu maji yamepwa, ngazi za gati ziko nje, zimeota ukoko wa kijani unaoteleza kama bamia. Nahodha, kijana wa umri wa mdogo wangu, alimpa baba bega lake: "Mzee wangu, shika hapa. Usikanyage penye kijani." Kisha akanigeukia, "Mama, huyo mdogo nipe mimi." Mtoto akapita mikono mitatu hadi juu gatini bila kulia. Kama una mzee au mtoto wa kubeba, uliza saa ya maji kujaa kabla ya kuvuka, utashuka kwa raha zaidi.

Nyumba ya wageni tuliyofikia siitaji jina. Kwenye simu tuliahidiwa chumba cha familia. Tulipofika tukapewa vyumba viwili, kimoja chini, kingine juu kabisa, na katikati ngazi za mwinuko zisizo na pa kushikia. Nyumba za zamani za Lamu ndivyo zilivyo, kuta nene za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, ghorofa juu ya ghorofa, kwa hiyo usiulize tu bei, uliza na ngazi. Usiku umeme ukakatika, feni zikalala, nasi tukapanda kulala darini kwenye upepo. Watoto waliona hiyo ndiyo sehemu bora ya safari.

Kilichotuokoa ni mahali penyewe. Tulikuwa Mji wa Kale, karibu na uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome, na kila mtoto akitaka choo au usingizi tulikuwa chumbani mara moja. Watu watakushauri ulale Shela kwa sababu ya ufuo. Ufuo wa Shela ni mzuri kweli, na vilima vyake vya mchanga ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ya kisiwa, lakini ni mwendo wa kama kilomita tatu, na maji yakijaa njia ya pwani huwa ngumu kupita, inabidi kila safari ulipe boti. Kwa tamasha, lala mjini. Shela nendeni asubuhi moja mkaogelee mrudi.

Sasa mbio za punda. Mji huu magari ni ya kuhesabu, mizigo mingi hubebwa na punda, kuanzia mawe ya kujengea hadi mitungi ya gesi, kwa hiyo wanaoshindana si punda wa maonyesho. Vijana hupanda bila tandiko, wakitimka kando ya bahari huku watu wamejaa pande zote mbili. Punda mmoja alifika mbele yetu akasimama. Mpandaji akamsukuma, akambembeleza, akamwita kwa majina yote mazuri; punda akanyoosha shingo akanusa kikapu cha mama mmoja aliyeuza maembe, akachukua moja. Mama akamwambia yule kijana, "Mwanangu, hilo utalilipa." Wenzake walishamaliza mbio zamani. Wanangu bado wanaigiza hilo sebuleni.

Mashindano ya mashua yalitangazwa ya asubuhi, yakaanza baada ya chakula cha mchana. Sikulaumu mtu. Tamasha kwa kawaida huwa Novemba, na wakati huo kusi, upepo wa kutoka kusini, imekwisha na kaskazi, ule wa kutoka kaskazini, bado haijashika, upepo unakuja na kuondoka. Ulipokuja, tanga zilijaa kwa pamoja na mabaharia wakatambaa juu ya ubao mrefu uliotokezwa nje ya chombo, kuelekea upande wa upepo, wakakaa mstari huko juu ya maji ili mashua isilale. Beba kofia na maji ya kunywa, kivuli pale gatini ni haba.

Kwenye hina, angalizo moja kwa kina mama. Hina ya kawaida haina neno, lakini piko nyeusi msiwapake watoto. Mara nyingi ina dawa ya kupaka nywele na inaweza kuchoma ngozi. Dada aliyempaka binti yangu alikataa mwenyewe kutumia piko, nikampenda kwa hilo.

Chakula hakikutusumbua. Viazi vya karai, mahamri, mishikaki ya jioni, samaki wa kupaka na juisi ya ukwaju, vyote vilipatikana kwa kutembea tu Njia Kuu. Mavazi yawe ya stara. Huu ni mji wa Waislamu na wenyeji huona wanapoheshimiwa. Pia msilichanganye tamasha hili na Maulidi, ambayo hufuata kalenda ya Kiislamu na kitovu chake ni Msikiti wa Riyadha. Hotuba za ufunguzi zirukeni, mwende Ngome mkaone kirumbizi, wanaume wakichezeana fimbo kwa mdundo wa ngoma na zumari.

Na baba? Baba tulimpoteza barazani. Kulikuwa na mashindano rasmi ya bao, lakini yeye alipata wazee wake pembeni, wakampa nafasi. Kete zote 64 ziko mchezoni, mkono unazunguka mashimo haraka hadi macho yanashindwa, na hakuna anayehesabu kwa sauti. Alifungwa na mzee aliyekuwa akipiga soga muda wote bila hata kutazama ubao.

Tiketi za basi la kurudi zikateni mapema, kwa sababu Jumapili ya tamasha hujaa, na mabasi huondoka Mokowe alfajiri, maana yake boti mnapanda gizani. Tulipomwamsha baba alisema sisi twende na watoto, yeye atakuja na basi la Jumatatu. Akaja Jumatano.