Hedifoni za kutafsiri za Makoroboi: muvi zilituahidi nini na hapa tumeuziwa nini

Wadau, zile hedifoni ndogo za masikioni zinazosemekana zinatafsiri lugha mia na kitu zimejaa mtaa wa Makoroboi hapa Mwanza siku hizi, na kwa kuwa kila mtu akiniona nazo anauliza kama kweli zinafanya kazi, ngoja nieleze hapa mara moja. Mimi nimechukua kwa elfu 85, winga, yaani yule dalali wa dukani, alianzia laki na ishirini, kwahiyo komaeni.

Mimi ni mtu wa muvi za anga, nikiri. Star Trek ilianza kurushwa kwenye TV Marekani mwaka 1966 na humo viumbe wa sayari zote wanaelewana kupitia kimtambo cha kutafsiri, hakuna anayesubiri, hakuna wa kusema rudia sijasikia, tena mdomo wa yule kiumbe unacheza sawasawa na Kiingereza kinachotoka. Halafu Star Wars ya 1977 ikaja na C-3PO, lile roboti la dhahabu linalojisifu kujua namna zaidi ya milioni 6 za kuwasiliana. Ukifikiria ni ujanja wa waandishi tu maana kipindi cha saa moja huwezi kukimaliza kwa watu kufundishana salamu. Lakini vingine si vimekuja kweli? Ile simu ya kufunua ya Kapteni Kirk wa Star Trek, Motorola walileta simu ya StarTAC 1996 inafunuka hivyohivyo. Kwahiyo hedifoni hizi nilizipokea kwa imani.

Sasa kitu ambacho winga hatakwambia, hicho kidude sikioni hakitafsiri chochote, ni maiki na spika basi. Sauti inaingia kwenye simu yako kwa Bluetooth, simu inaipeleka mtandaoni, huko kuna mfumo unaogeuza sauti kuwa maandishi, mwingine unatafsiri yale maandishi, wa tatu unayasoma kwa sauti ndipo yanarudi sikioni. Ule wa kwanza ukikosea neno moja, wale wawili wanaendelea na kosa kwa kujiamini kabisa. Na bando likikata umebaki na hereni za elfu 85.

Nimezijaribu kwa shemeji yangu Kirumba, anauza mabondo ya sangara, vile vibofu vya hewa vya samaki, na wanunuzi wake wengine ni Wachina. Ndani ofisini mlango umefungwa zilifanya kazi vizuri kuliko nilivyotegemea, shemeji anasema bei kwa sentensi nzima iliyonyooka, zinapita kama sekunde tatu nne, mteja anatikisa kichwa na kujibu. Namba zilipita safi, kilo na bei, na biashara ni namba. Hizo sekunde za kusubiri ndio kasheshe, maana umeshataja bei halafu mnabaki mnaangaliana usoni, na mteja mzoefu hapo anakusoma kabla hata tafsiri haijafika. Kwenye muvi hiyo sehemu wameiruka yote.

Toka nje sasa, hapo Mwaloni sokoni kwa samaki, injini za mitumbwi, wapakiaji wanapiga kelele, redio ya mama ntilie, maiki inabeba sauti zote hizo kwa usawa bila kubagua. Mchina aliletewa maneno ya mtu aliyekuwa anagombea gunia la dagaa pembeni. Tena watu wa pale sentensi inaanza Kiswahili inaishia Kisukuma, na Kisukuma kwenye orodha yao ya lugha hakipo, hata Kikerewe hakipo, kwahiyo hiyo mia na kitu iangalie vizuri ni ya akina nani.

Na kuhusu muda kuweni makini mno! Shemeji alisema njoo kesho saa moja asubuhi, kwenye skrini ya simu ikasomeka saa moja ya kizungu, yaani saa saba usiku kwetu. Bahati yule mteja alishangaa akauliza. Siku hizi shemeji anamwonyesha saa ya ukutani kwa kidole.

Chaji inakaa vya kutosha ila simu ndio inaisha haraka. Masikioni hazidondoki.

Mtu atasema mbona programu za kutafsiri zipo bure kwenye simu, Google Translate ina Kiswahili tangu 2009, na ni kweli, ukiwa umekaa mezani sioni sababu ya kununua hizi. Ila mwangalie shemeji akiwa anachambua mabondo mabichi, mikono yote ina utelezi hadi kwenye viwiko, simu ataishikaje? Hapo ndipo hela yako inapoenda, mikono kuwa huru, sio tafsiri. Kwa kazi kama yake, au kwa anayeendesha watalii wa Serengeti, nazipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Kwa anayezitaka aangalie tamthilia za Kikorea asijisumbue.

Mkienda kununua msikubali kujaribishiwa ndani ya duka, tokeni nazo barabarani bodaboda zinapita ndio mzisikilize, na mwombe waranti ya maandishi maana mimi nilipewa ya wiki moja kwa mdomo na yule winga kibanda ameshahamisha.