Vipande vya mwisho vya sabuni ya kunyolea na maji ya Goma: uzoefu wangu

Huu ni mwaka wa tatu natumia sabuni ya kunyolea ya Arko, ile ya kijiti ya gramu 75 inayotengenezwa Uturuki. Shemeji yangu anayefuata bidhaa Istanbul hunibebea vijiti vinne au vitano kila anaporudi. Kijiti kikiwa kizima hakisumbui: unalowesha ndevu, unakipitisha usoni kama chaki ubaoni, kisha blero, yaani brashi ya kunyolea, inamalizia povu.

Kazi huanza kinapobaki kipande cha ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Hakishikiki. Kinateleza, kinatumbukia kwenye karai, na ukikilazimisha usoni makali ya pembeni yanakwaruza. Nilikuwa navitia kwenye kopo la maziwa ya unga pale dirishani. Vilipofika tisa mke wangu akaniuliza, "Papa, hivi vipande nivitie kwenye maji ya kufulia?" Nikamwomba aniachie, maana sabuni ya namna hii Goma siipati dukani kila ninapoitaka, na tisa vile kwa pamoja ni ndevu za majuma mengi.

Mara ya kwanza nilivitumbukiza vyote kwenye kikombe cha maji moto nikakoroga na blero. Povu likapanda hadi mdomoni mwa kikombe, nikafurahi. Nilipolipaka shavu la kulia likashikilia kidogo. Nilipofika kidevuni, la shavuni lilikwisha kukauka na kubaki utando mwembamba. Na kikombeni, juu ya maji, palielea vinyenga, yaani chembe nyepesi, vyeupe vya kijivu kama majivu ya makala (mkaa). Nikadhani sabuni imezeeka. Nikarudia juma lililofuata na kijiti kipya kabisa nilichokikata kipande kwa makusudi, mambo yakawa yaleyale.

Aliyenifungua macho ni mzee jirani yetu ambaye alinyoa watu mtaani Majengo miaka mingi. Aliangalia kikombe changu, akachovya kidole, akavisugua vile vinyenga kati ya kidole na gumba.

"Maji haya umeyatoa wapi?"

"Ni ya bidoni, mzee. Watoto wameyachota ziwani, pale Kituku."

"Mwanangu, sabuni yako ni nzima. Maji ya ziwa ndiyo yanaila. Kinga ya mvua, ujaribu tena."

Alikuwa amesema kweli tupu, na sababu yake tulifundishwa shuleni tukaisahau. Ziwa Kivu hupokea chemchemi zinazotokea chini, zilizopita kwenye miamba ya volkeno, nazo hulijaza madini, hasa magnesiamu. Sabuni ikikutana na magnesiamu au kalsiamu hushikamana nayo na kuwa uchafu usioyeyuka, vile vinyenga. Yaani sehemu ya sabuni inakufa kabla haijawa povu. Mwenye kijiti kizima haoni hasara, kwa sababu sabuni ni nyingi kuliko madini. Mwenye vipande anaiona mara moja, sabuni yake ni kidogo na yote inaishia kupigana na maji. Nilijaribu pia kuyachemsha ya ziwa kwanza. Inasaidia kidogo, lakini makala yanaisha na povu bado linalegea.

Mvua haijapita kwenye jiwe lolote, kwa hiyo ni maji laini. Hapa kwetu mji umekaa juu ya lava na nyumba nyingi zina mfereji wa mabati na pipa, basi maji yenyewe hayako mbali. Ila mvua ya kwanza baada ya kiangazi usiikinge. Iache ioshe mabati, maana vumbi na majivu ya volkeno ya Nyiragongo hulala juu ya paa. Kinga ya pili au ya tatu, uchuje kwa kitambaa.

Kuhusu vipande vyenyewe, njia niliyokaa nayo ni hii. Navikausha vizuri, halafu nakwangua kwa kile kifaa cha karoti (kiwe chako, kisirudi jikoni). Vinatoka kama ugali mkavu uliovunjwa. Naumwaga unga huo kwenye kopo tupu la mafuta ya kujipaka, lenye mdomo mpana wa kuingia blero, nanyunyizia nusu kijiko cha maji moto, nasubiri kama nusu saa. Sabuni hii ina mafuta ya wanyama, asidi ya steariki na potasiamu ndani yake. Potasiamu huifanya iwe laini kuliko sabuni ya kuogea, kwa hiyo inakubali kukandwa. Nashindilia kwa kidole gumba kuanzia katikati kwenda pembeni, hadi nisione ufa. Hapo ndipo subira inapohitajika, kwani ukiacha uwazi chini, blero italing'oa donge zima. Siku mbili bila kifuniko, tayari.

Nimewahi kuongeza humo vipande vya sabuni ya kuogea ili kopo lijae. Usifanye. Povu lake lina mapovu makubwa yanayopasuka upesi na ngozi inabaki imekaza. Na vipande usiviache vimelowa kwenye kikombe siku nyingi. Vinageuka ute unaoteleza na huwezi tena kujua umechukua sabuni kiasi gani.

Sasa povu. Blero nailoweka kwenye maji ya mvua ya uvuguvugu wakati naosha uso, naikung'uta mara mbili, kisha naizungusha juu ya sabuni sekunde 30 hivi. Sitafuti povu bado, natafuta uji mzito ulioshika ncha za nywele. Mlio wenyewe unabadilika: mwanzo ni wa maji maji, chap chap, halafu unakuwa mzito na wa kimya. Hapo nahamia usoni, nazungusha, nachovya ncha tu za blero kwenye maji, nazungusha tena. Mara tatu au nne. Ukiona mapovu kama ya nguo, maji yamezidi sabuni, rudi kwenye kopo. Ukiona limekauka na linavutana, ongeza matone. Likikaa sawa linang'aa na linafanana na mashanza, yale maziwa ya mgando ya Masisi: ukiinua blero, ncha inasimama kisha inainama taratibu. Povu la namna hiyo linanisubiri hadi nimalize shingo.

Kwa nini nahangaika hivi? Shingo yangu. Ndevu zetu zimejikunja, na zikikatwa kavu kavu ncha inarudi ndani ya ngozi na kuota kipele. Nilikaa miaka na vipele chini ya taya, vingine vyenye usaha, hadi kola ya shati ikawa inaniumiza. Povu zito linalolala dakika mbili tatu linalainisha unywele, wembe mmoja unapita bila kukandamizwa, kufuata ndevu zinavyolala na si kinyume. Tangu nishike njia hii vipele vimepungua sana, na pale vilipokuwa pamebaki alama tu.

Sabuni yenyewe naipa sifa zake zote: hata ikiwa makombo, ilipopata maji mazuri ilitoa povu sawa na la kijiti kipya. Vile vipande tisa, kwa kunyoa mara tatu kwa juma, vilinifikisha majuma manane.

Kiangazi cha Juni hadi Agosti nimekiandalia. Kikombe ninachotumia ni robo lita, na bidoni ya lita 20 inatosha kunyoa mara 80. Mwezi wa tano nakinga bidoni moja ya mvua safi, naifunga vizuri, naiweka chini ya kitanda, na watoto wanajua kwamba hiyo haiguswi.